Mkebe wenye kitundu wawafunza watoto siri za mwanga

MTOTO anayeambiwa kwamba mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu hukariri tu, na mtihani ukiisha husahau. Heri apewe mkebe mtupu wa maziwa ajionee.

Toboa kitako cha mkebe kwa msumari mwembamba, kisha ufunike mdomo wake kwa karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya kupikia. Mtoto ajifunike leso kichwani na kuelekeza kitundu kwenye mti ulio juani. Katika karatasi atauona umepinduka, shina juu na matawi chini. Miale ya kileleni hupita kwenye kitundu ikishuka, nayo ya shinani ikipanda. Lau ingepindapinda njiani, taswira isingepatikana. Kitundu kikipanuliwa, taswira hung'aa zaidi lakini hufifia kingo. Hilo mwache aligundue mwenyewe.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alichunguza mambo haya miaka 1,000 hivi iliyopita, likiwemo umbo la jua lililopatwa.

Nasi tuna sababu ya kuharakisha. Agosti 2, 2027, mwezi utafunika sehemu ya jua katika anga ya Kenya. Kulikodolea macho huunguza jicho bila maumivu yoyote, kwa hivyo mtoto hatambui anapoumia. Asichungulie jua kupitia kitundu chochote. Alipe mgongo, mwanga upite kwenye kitundu cha kadibodi na kuangukia karatasi. Umbali ukiwa mita moja, taswira ya jua huwa na upana wa milimita 9 hivi. Asiye na kadibodi na asimame chini ya mwembe: vidoa vya mwanga vinavyopenya majani vitakuwa na umbo la jua lililomegwa.