Mfuko Usiofunguliwa: Kutoka Damu ya Kalemie hadi Mshipa wa Maabara

Mkasi wa upasuaji ukikaa robo saa kwenye mvuke wa nyuzi 121 za sentigredi, vijidudu vyote juu yake hufa. Tishu hai haiwezi kutendewa hivyo. Damu, ngozi au mshipa uliooteshwa maabara ukiingizwa kwenye joto hilo, kinachoharibika kwanza ni tishu yenyewe. Usafi wake basi haungoji mwisho wa kazi, hutangulia. Kila kitakachoigusa, sindano, mrija na mfuko, huuliwa vijidudu kabla, ndipo tishu inaingizwa na njia kufungwa. Chombo kilichogusa tishu ya mtu mmoja hakirudi kwa mwingine, hutupwa.

Kalemie, mji mkuu wa mkoa wa Tanganyika nchini Kongo, hauoteshi tishu maabara. Lakini damu nayo ni tishu, na mfuko wa damu unaotundikwa kando ya kitanda cha mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, au cha mama aliyevuja damu wakati wa kujifungua, umejengwa juu ya kanuni ileile.

Kabla ya mfuko huo, damu ilikingwa katika chupa za kioo zenye kizibo cha mpira. Chupa haikunjiki, kwa hiyo damu ilipotoka ilibidi hewa iingie kushika nafasi yake, na hewa haiji peke yake. Chupa zilioshwa na kutumika tena, na mabaki ya damu ya zamani yaliweza kumletea mgonjwa homa kali. Mnamo 1950 hivi, mjini Boston, Marekani, daktari Carl Walter na mwenzake William Murphy walitengeneza mfuko wa plastiki laini. Damu inapotoka, mfuko hujikunja wenyewe na hewa haihitajiki. Sindano na mrija vimeungwa nao tangu kiwandani, na ndani yake mna dawa ya kuzuia damu isigande. Mfuko wa kawaida hupokea mililita 450 za damu juu ya mililita 63 za dawa hiyo. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6 huweza kukaa siku 35. Iko pia mifuko iliyounganishwa miwili au mitatu, ambayo plazima husukumwa kutoka mmoja kwenda mwingine bila chochote kufunguliwa. Huo ndio uzuri wake mkubwa: tishu inagawanywa na kuhifadhiwa, na mkono wa mtu haujaigusa hata mara moja.

Kongo inajua gharama ya kukosa vifaa hivi kuliko nchi nyingi. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, wauguzi walipewa bomba tano za sindano kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu tu. Virusi vya Ebola vilisafiri ndani ya bomba hizo. Watu 318 waliugua katika mlipuko huo na 280 wakafariki, wakiwemo wengi wa wahudumu wa hospitali hiyo. Miaka 23 baadaye, mwaka 1999, Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalihimiza chanjo zote zitolewe kwa bomba zinazojifunga zenyewe baada ya kutumika, zisiweze kuvutwa tena hata kwa makusudi.

Leo kanuni hiyo ya chombo kisichotumika tena imefika mbali. Kampuni ya Humacyte ya North Carolina, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2004 na daktari Laura Niklason na wenzake, huotesha mishipa ya damu ya binadamu ndani ya mifuko ya kutumika mara moja. Kila mfuko una kimrija cha wavu unaoyeyuka polepole. Juu yake hupandwa seli za misuli laini zilizotoka kwenye mishipa ya watu waliotoa viungo vyao baada ya kufa. Kwa wiki nane hivi seli hulishwa na kunyooshwa kwa mapigo kama ya moyo, nazo hujenga ukuta wa kolajeni wakati wavu unayeyuka. Kisha seli zenyewe huoshwa zikatoka, ili mwili wa mgonjwa usiukatae mshipa huo. Kinachobaki ni mrija wenye upana wa milimita 6. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuruhusu kwa watu wazima waliojeruhiwa mshipa wa mkono au mguu, pale mshipa wa mwili wao wenyewe usipoweza kutumika. Madaktari wa Ukraine walikuwa wameshautumia kwa majeruhi wa vita. Katika mkoa kama Tanganyika, ambao watu wake wameonja risasi na mapanga miaka mingi, kifaa cha namna hiyo si anasa.

Hata hivyo mfuko safi hausafishi kilichomo. Katika miaka ya 1980, mjini Kinshasa, watafiti walionyesha kwamba watoto walioongezewa damu kwa sababu ya malaria walikuwa wakiambukizwa virusi vya UKIMWI kwa damu hiyohiyo iliyowaokoa. Ndiyo maana damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kutolewa kwa mgonjwa. Na mfuko ukishatumika huwa taka ya hatari. Plastiki yake ikichomwa shimoni kwa moto mdogo hutoa sumu ya dioksini, kwa hiyo hospitali inahitaji tanuri la joto kali, zaidi ya nyuzi 850, kama inavyohitaji jokofu lisilokatikiwa umeme.

Kiwanda chaweza kutengeneza mfuko, lakini damu ya kuujaza bado hutoka kwa mtu. Damu iliyo salama zaidi ni ya mtu anayejitolea mara kwa mara bila malipo. Mkazi wa Kalemie mwenye afya njema, aliyetimiza miaka 18 na uzito wa kilo 50, asingoje ndugu yake alazwe ndipo aende kutoa damu.