Betri chini ya kiti: Hatari inayosafiri na abiria

JUA la Bura halimhurumii binadamu wala chuma. Ifikapo saa sita mchana katika mji huu wa Kaunti ya Garissa, mwenye pikapu kuukuu hufungua boneti akakuta betri iko moto kama sufuria jikoni, maji yake yamepungua na vichwa vyake vimeota unga mweupe. Fundi hutazama, hutikisa kichwa, kisha hutoa ushauri ambao wengi wameusikia: tuihamishe.

Ushauri huo si mbaya. Betri ya risasi na asidi haipatani na joto. Mafundi hukadiria kwamba kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, maisha ya betri hupungua kwa karibu nusu. Kuitoa kando ya injini na bomba la moshi ni njia mojawapo ya kuiokoa.

Lakini ukurasa huu hauzungumzii maisha ya betri, unazungumzia maisha ya wanaopanda gari. Kwa hiyo swali letu ni hili: betri inahamishiwa wapi, na ni nani atakayekaa karibu nayo?

Mara nyingi huwekwa chini ya kiti cha abiria, mahali anapoketi mama aliyempakata mtoto. Pengine huwekwa nyuma penye mizigo, bega kwa bega na mitungi ya maziwa ya ngamia, magunia ya unga na watu waliopewa lifti. Hufungwa kwa mpira wa tyubu, na safari ikaanza.

Hatari tatu

Hatari ya kwanza ni gesi. Betri inapochajiwa, hasa ikichajiwa kupita kiasi, hutoa haidrojeni. Gesi hii haina rangi wala harufu, nayo huweza kushika moto ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo. Cheche ya waya uliolegea au kipande cha sigara chatosha. Betri ikilipuka hurusha asidi na vipande vya plastiki, na macho huwa hatarini zaidi.

Ukisikia harufu kama ya yai bovu ndani ya gari, hiyo ni dalili kwamba huenda betri imepata moto kupita kiasi na inatoa gesi ya sumu. Simamisha gari, zima injini, fungua milango na uwatoe watu wote. Usiiguse betri mpaka ipoe, kisha fundi apime alteneta.

Hatari ya pili ni asidi. Yale tunayoyaita maji ya betri ni mchanganyiko ambao zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni asidi ya salfuriki. Huunguza ngozi, hutoboa nguo na huweza kupofusha jicho. Katika barabara yenye mashimo, betri isiyofungwa vyema huinama na kuvuja, na abiria hajui mpaka aanze kuwashwa.

Hatari ya tatu ni risasi, yaani madini yenyewe yaliyomo ndani ya betri. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Unga unaoota kwenye vichwa vyake huweza kuwa na chembe za madini hayo. Fundi akiufuta kwa mkono mtupu, kisha akaketi kula anjera bila kunawa kwa sabuni, anajilisha sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo hufyonza risasi waliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima, nayo hudhuru ubongo unaokua. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Kenya imekwisha kuona ubaya wa madini haya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi wengi, wakiwemo watoto, kabla ya kufungwa mwaka 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Shilingi bilioni 1.3. Betri moja ya pikapu si kiwanda, lakini madini yake ni yale yale.

Ihamishwe namna gani?

Msomaji, kama ni lazima betri ihame, mwambie fundi wako azingatie haya:

Kwanza, ikae nje ya kabini. Mahali pafaapo ni ndani ya sanduku imara kwenye fremu ya gari au nyuma penye mizigo, mbali na bomba la moshi na tangi la mafuta. Wenye Land Rover za zamani wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa nyingi kati yake zina tangi la petroli chini ya kiti cha mbele.

Pili, sanduku liwe la plastiki ngumu isiyoliwa na asidi, lenye mfuniko, na mpira wa kupitishia hewa utokee nje ya gari. Haidrojeni ni nyepesi na hupanda juu, kwa hiyo tundu la mpira huo liwe upande wa juu wa sanduku.

Tatu, betri ibanwe kwa chuma na boliti. Betri ya pikapu huweza kufika kilo 20. Gari likipinduka, mzigo huo ukiruka unaweza kuua.

Nne, kwa kuwa waya sasa utakuwa mrefu, uwe mnene na uwekewe fyuzi karibu kabisa na betri. Kila unapopenya bati uvishwe mpira, la sivyo bati litaukwaruza hadi uwashe moto.

Tano, vichwa vya betri vifunikwe. Wenye magari ya Volkswagen ya umbo la kobe wanaijua hadithi hii: betri yake huwa chini ya kiti cha nyuma, na abiria mzito akiketi, springi za kiti zikagusa vichwa hivyo, kiti hushika moto.

Sita, fundi avae miwani ya kukinga macho na glovu. Waya wa upande wa hasi utolewe wa kwanza, na urudishwe wa mwisho.

Maji ni dawa

Asidi ikimwingia mtu jichoni, dakika ya kwanza ndiyo yenye kuamua. Mwoshe papo hapo kwa maji safi, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, bila kukoma kwa muda usiopungua dakika 20. Kisha akimbizwe hospitalini, na njiani aendelee kuoshwa. Usimtie maziwa, magadi wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Ikimwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na uoshe vivyo hivyo. Aliyeimeza asisukutue tumbo kwa kutapishwa; aoshe kinywa na apelekwe kwa daktari mara moja.

Hapa ndipo penye mtihani kwa watu wa nchi kavu. Mahali ambapo maji hubebwa kwa mtungi na kuhesabiwa, mkono husita kuyamwaga, na mtu huoshwa kwa kikombe kimoja akaambiwa apone. Kikombe hakitoshi. Kwa mkondo mwembamba wa lita moja kila dakika, mtungi wa lita 20 utatosha dakika 20 kamili. Basi mtungi huo uwe sehemu ya gari kama ilivyo gurudumu la akiba: umejaa, ni safi, umefungwa, na hauguswi kwa chai wala kwa rejeta.

Na betri iliyokufa isipasuliwe nyuma ya nyumba wala asidi yake isimwagwe mchangani wanapocheza watoto na kulamba mbuzi. Iuzwe ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali.

Leo kabla ya kuwasha gari, inua kiti cha abiria utazame. Ukiikuta betri pale, mtoe kwanza mama na mtoto, kisha umwite fundi.