Waliolishana Kwenye Tope la Bethel

Tamasha la muziki la Woodstock likitajwa, wengi hukumbuka tope, dawa za kulevya na vijana waliooga uchi bwawani. Gazeti la New York Times, katika tahariri yake ya Agosti 18, 1969, liliuita mkusanyiko ule jinamizi. Ni hukumu ya mtu aliyetazama kwa mbali. Watu zaidi ya 400,000 hawawezi kukaa siku tatu kwenye shamba moja, mvua ikinyesha, bila kuwa na desturi za kuishi pamoja.

Shamba lilikuwa la Max Yasgur, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Bethel, jimbo la New York. Tiketi ya siku tatu iliuzwa dola 18, lakini uzio haukukamilika kwa wakati. Umati ukafurika ndani, waandaaji wakatangaza kwamba kiingilio ni bure. Barabara zikaziba kabisa. Mwanamuziki Richie Havens, aliyefungua jukwaa Ijumaa, ilimbidi aendelee kupiga gitaa muda mrefu kwa kuwa wanamuziki wengine walikuwa bado njiani.

Chakula cha kuuzwa hakikutosha. Hapo ndipo ilipojitokeza desturi kubwa kuliko zote za jamii ile: kulishana. Hog Farm, jumuiya iliyotoka New Mexico, ilifungua jiko la bure, ikapakua wali wa mchele usiokobolewa na mboga kwa yeyote aliyefika. Wenyeji wa eneo hilo nao wakaleta mayai na sandwichi. Jumapili asubuhi Hugh Romney wa Hog Farm, ambaye baadaye alijulikana kama Wavy Gravy, alipanda jukwaani kutangaza kifungua kinywa cha watu wote. Granola ikagawiwa kwa vikombe vya karatasi, kila mmoja akampasia jirani yake.

Ulinzi wa Hog Farm pia ulikuwa na adabu yake: silaha yao ilikuwa neno "tafadhali".

Na lilikuwapo hema ambalo wakosoaji hawalitaji. Kijana aliyezidiwa na dawa ya kulevya ya LSD aliketishwa humo na mtu wa kuzungumza naye taratibu, akimkumbusha jina lake, mpaka hofu imtoke. Alipopata nafuu hakuondoka hivihivi. Alioneshwa mgonjwa aliyeingizwa wakati huo, akaambiwa kwamba muda mfupi uliopita hali yake ilikuwa ileile, na sasa zamu ya kuuguza ni yake.



Vifo vilitokea, havifichwi: kijana mmoja aligongwa na trekta akiwa amelala. Lakini desturi zile zilipoachwa, hali ilikuwa mbaya zaidi. Desemba 1969, kwenye tamasha la Altamont, California, genge la waendesha pikipiki la Hells Angels liliwekwa karibu na jukwaa kama walinzi, na mtazamaji Meredith Hunter akachomwa kisu hadi kufa. Mwaka 1999, kwenye tamasha lililobeba jina lilelile la Woodstock, chupa ya maji iliuzwa dola 4 juani, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga. Usiku wa mwisho vijana waliwasha moto na kubomoa vibanda.

Waandaaji wa leo wanaiga jukwaa, vipaza sauti na mabango ya Woodstock. Waige kwanza jiko lile na hema lile.