Homa ya Mwenye Figo Mpya

Mgonjwa wa figo wa Busia au Malaba huanzia kwenye hesabu ya kusafishwa damu kwa mashine. Bima ya afya ya Kenya, SHA, hulipa shilingi 10,650 kwa kila awamu, mara mbili kwa wiki. Kwa wiki 52 hiyo ni shilingi 1,107,600. Kupandikizwa figo, ambako mwaka 2025 SHA ilitangaza kugharamia hadi 700,000, kwa bima ni nafuu kuliko mwaka mmoja wa mashine.

Lakini figo mpya ina sharti lake: dawa za kushusha kinga, maisha yote. Kinga ikishuka, virusi vya Epstein-Barr, ambavyo watoto wengi wa ukanda huu huvipata wakiwa wadogo sana, vinaweza kuamka na kuzidisha chembe nyeupe za damu hadi zigeuke limfoma, saratani ya tezi za limfu. Ni virusi vilevile vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe wa watoto uliosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, uvimbe ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958. Kwa watoto wale, mshirika wa virusi alikuwa malaria. Kwa aliyepandikizwa, ni vidonge vinavyolinda figo yake.

Kati ya watu wazima 100 waliopandikizwa figo, wanaopatwa na limfoma hii ni 1 au 2 hivi. Ni wachache, ila tiba yao ni ngumu. Hatua ya kwanza, kupunguza vidonge, haina bei dukani. Lakini figo ikikataliwa, mgonjwa anarudi kwenye mashine na ile 1,107,600 ya mwaka. Hatua inayofuata mara nyingi ni dawa ya rituksimabu, dripu moja kwa wiki kwa wiki 4. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha saratani kilikuwa 550,000 kwa kaya nzima kwa mwaka, karibu sawa na nusu mwaka wa mashine.

Kinachonitia hofu zaidi ni homa. Busia ina malaria nyingi, na mwenye homa hukimbilia dawa ya malaria. Kwa aliyepandikizwa, kipimo cha malaria hata kikiwa chanya hakitoshi. Homa isiyoisha, jasho la usiku, kukonda, au tezi za shingo zilizovimba zinataka nauli ya kwenda Eldoret, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Moi, tezi ikatwe kipande na kupimwa. Abebe vidonge vyake vyote, na asipunguze hata kimoja kabla ya kumwona daktari.