Vilima vya Ngong Kabla ya Macheo: Njia Nyepesi, Saa Nzito

Vilima vya Ngong vipo kusini-magharibi mwa Nairobi, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka katikati ya jiji, na kilele chake cha juu kabisa, Lamwia, kina kimo cha mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Hakuna theluji huko wala mwamba wa kukwea kwa kamba. Ni mgongo wa nyasi unaopanda na kushuka, wenye upepo usiokoma na mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo huo. Anayesimama juu yake alfajiri huliona jua likichomoza upande wa jiji, huku nyuma yake Bonde la Ufa likiwa bado gizani. Ndiyo maana wapenda picha huvifuata vilima hivi, na ndiyo maana wenyeji huwaambia wageni kwamba matembezi hayo ni mepesi.

Kwa upande wa miguu, maneno hayo ni ya kweli, hasa kwa asiyekusudia kuumaliza mgongo wote hadi Kona Baridi. Uzito wa safari hii haumo katika mwinuko. Umo katika saa. Jua la Nairobi huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:40 asubuhi mwaka mzima, na kwa kuwa nchi ipo kwenye ikweta, mapambazuko ni mafupi: rangi za mawingu hudumu dakika 20 na ushei, kisha kumekucha. Mpiga picha hana budi kuwa amekwisha kufika juu kabla ya hapo. Akihesabu mwendo wa gari, mapatano na walinzi wa msitu kuhusu kufunguliwa lango na kusindikizwa, pamoja na muda wa kupanda, atajikuta anaamka saa 9 usiku. Katika saa hiyo mwenye kisukari hukosa hamu ya kula, mwenye shinikizo la damu huahirisha vidonge, na mwenye pumu huisahau dawa yake mezani.

Kliniki nyingi huwaagiza wagonjwa kufanya mazoezi, na agizo hilo ni jema. Hata hivyo, halitoshi. Mgonjwa akisema, “Daktari, Jumamosi tunapanda Ngong na wenzangu,” jibu la “Vizuri, mzee, endelea hivyo hivyo” ni la haraka mno, na jibu la kumkataza ni baya zaidi, kwani humfundisha kutosema safari ijayo. Yafaa aulizwe: mnaondoka saa ngapi, utakula nini, dawa utazitumia lini?

Tuanze na kisukari, kwa kuwa ndicho chenye hatari iliyojificha zaidi. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi, anaweza kushukiwa na sukari akipanda bila kula. Anayetumia metformini peke yake hatari yake ni ndogo. Kipimo kikisoma chini ya milimoli 5 kwa lita kabla ya kuondoka, ale kwanza chakula cha wanga. Kikishuka chini ya 4 njiani, asimame na anywe kitu chenye sukari papo hapo. Tatizo la alfajiri ni kwamba dalili hazionekani. Gizani hakuna anayeona uso uliopauka. Mtetemeko wa mikono hudhaniwa kuwa baridi. Kuchanganyikiwa hudhaniwa kuwa usingizi. Akiwa pia anatumia dawa za jamii ya propranololi au atenololi, mapigo ya moyo hayatamwonya, ingawa jasho halifichiki. Mtu anayetoa jasho jingi katika upepo wa Ngong huku wenzake wakijikunyata apewe sukari kwanza, maswali yafuate. Lazima awepo mwenzake mmoja anayelijua hilo. Kipima sukari nacho huweza kukataa kusoma kwenye baridi kali, hivyo kikae mfuko wa ndani, pale pale wapiga picha wanapohifadhi betri zao za akiba.

Kwa mwenye shinikizo la damu, kidonge cha kukojoza chaweza kusogezwa hadi baada ya kurudi, kwa ushauri wa anayemtibu, vingine visirukwe. Saa za asubuhi ndizo ambazo mishtuko ya moyo hutokea kwa wingi kuliko saa nyingine, jambo lililoonyeshwa na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1985. Basi apande polepole kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Maumivu ya kifua ni amri ya kukaa chini na kuita msaada, hata kama mawingu yamekwisha kuwa mekundu.

Kimo cha Ngong hakijafikia mita 2,500, ambapo ugonjwa wa kimo huanza kuhofiwa kwa watu wenye afya. Lakini kanieneo ya hewa pale ni robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Mwenye selimundu anayetoka pwani jana na kupanda leo amekusanya upungufu wa oksijeni, baridi na kiu kwa pamoja, na kila kimoja huweza kuamsha maumivu makali. Huyu azungumze na daktari kabla ya kulipa nauli.

Kisha kuna jicho. Jua likigusa upeo huonekana jekundu na pole, na mtu hulizoea. Katika ikweta hupanda karibu wima, kiasi cha nyuzi 7 kwa nusu saa, na mpiga picha aliyezama kazini hatambui wakati wa upole ulipokwisha. Anayechungulia jua kupitia kitundu cha kamera ya kioo, hasa yenye lenzi ndefu, huukusanya mwanga wote kwenye retina. Retina haina mishipa ya maumivu, huungua kimya. Saa chache baadaye huja doa katikati ya uoni, na mistari iliyonyooka huonekana imepinda. Hakuna tiba iliyothibitishwa. Wengi hupata nafuu kwa miezi, wengine hubaki na kovu. Miwani ya kawaida ya jua haikingi. Njia salama ni kutazama picha kwenye skrini ya kamera au ya simu, na kuligeuzia jua kisogo likishapaa. Picha za nyuso zilizomulikwa mara nyingi hushinda zile za jua lenyewe.

Kushuka huumiza magoti kuliko kupanda, na fimbo mbili husaidia. Maumivu ya mapaja yanayozidi siku ya pili ni ya kawaida na huisha yenyewe. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma peke yake, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo.