Programu Huria na Haki ya Kuuza
Leseni ya GNU GPL, yaani hati ya kisheria inayomruhusu mtumiaji kuendesha, kuchunguza, kubadili na kusambaza programu, haikatazi biashara hata kidogo. Richard Stallman mwenyewe, aliyeiasisi, aliuza kanda za programu ya Emacs kwa dola 150 katika miaka ya 1980. Sharti zito la leseni hiyo ni jingine: muuzaji lazima amwezeshe mnunuzi kupata msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu ambayo mtaalamu huweza kuyasoma na kuyarekebisha, wala hawezi kumzuia kuigawa upya, hata bure. Kwa hiyo faida hutafutwa zaidi katika huduma, na ndivyo kampuni ya programu huria ya Red Hat ilivyokua hadi IBM ikainunua mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34. Leseni inayopiga marufuku matumizi ya kibiashara haihesabiwi kuwa huria.