Fahamu: Tiba ya Wanaume Waliotekwa na Ulevi Kanyaruchinya

Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, ilipokea tangu 2022 maelfu ya watu waliokimbia vita vya Rutshuru. Na mwanamume aliyezoea kulima shamba lake, akishinda hemani bila kazi wala heshima mbele ya wanawe, kanyanga, pombe kali ya kienyeji, huwa karibu naye kuliko tabibu.

Ulevi wa kudumu ni maradhi, wala si utovu wa haya. Na mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe kwa ghafula aweza kutetemeka, kupatwa na kifafa, hata kufariki, kwa hiyo siku za mwanzo zataka uangalizi wa daktari, dawa za kutuliza na vitamini B1. Wenye kumfungia ndugu yao chumbani, ingawa kwa mapenzi, humhatarisha.

Mwili ukisha kutulia, kazi kubwa hubaki nafsini. Mjini Goma, mpango wa Living Peace wa shirika la Promundo uliwakutanisha wanaume kwa takriban majuma 15, wazungumze juu ya vita, pombe na jeuri ya nyumbani, wake zao nao wakishirikishwa. Na kwa rai yangu hilo la kuwashirikisha wake ndilo lenye faida kuu, maana mke ndiye shahidi wa kwanza wa toba.

Kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya ilivunjwa mapema mwaka 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, na aliyekatizwa tiba ahitaji kupokewa na kituo cha afya cha huko alikorejea.